Sato, sangara, dagaa au vibua: yupi amfae mgonjwa wa presha?

Mjukuu wa Igoma: Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 61, presha yake inacheza kwenye 150/95 na anameza dawa kila siku. Kliniki wamesema tumzidishie samaki wenye mafuta. Sasa hapa Mwanza samaki ndio mboga yetu, lakini yupi hasa?

Mchuuzi Mwaloni: Sato ni mtamu, ila mafuta hana ya kutosha. Sangara mkubwa ana mafuta, tena tumboni ndiko yamejaa. Kayabo, yaani sangara wa kukaushwa kwa chumvi, usimpe kabisa, ile ni chumvi tupu. Dagaa chukua walioanikwa kwenye chanja, siyo wa mchangani, na unuse kwanza: wakikaa sana mafuta yao yanachacha, harufu inakuambia.

Nesi Mstaafu: Mjukuu, pole na kuuguza. Kinachotafutwa ni omega-3, mafuta yanayosaidia mishipa ya damu kulegea. Kwenye tafiti, presha imeshuka zaidi kwa watu waliopata kama gramu 2 hadi 3 kwa siku, na hata hapo imeshuka pointi chache tu. Vibua wa baharini wanaongoza. Gramu 100 zinaweza kuvuka gramu 1 ya omega-3. Dagaa wanafuata na bei yake mama ataimudu. Lakini naomba uangalie sufuria kabla ya samaki. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo kuna ile ya kachumbari na ya mchuzi. Mama akila kibua aliyekolezwa chumvi, faida yote imeliwa.

Bint Sengerema: Kweli kabisa shikamoo nesi. Baba tulikuwa tunamkaangia sato kila siku tukidhani tunamtunza. Tulipohamia kuchemsha kwa nyanya, ndimu na tangawizi, alinuna wiki mbili, kisha akazoea.

Kijana wa Kirumba: Vidonge vya mafuta ya samaki je? Si ni rahisi, dawa unaacha?

Nesi Mstaafu: Marahaba binti. Kijana, hapana! Dawa haiachwi kwa sababu ya samaki. Na vidonge hivyo vikizidi dozi vinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, amuulize daktari kwanza.

Mjukuu wa Igoma: Nashukuru sana wote. Kesho alfajiri naenda soko la Mwaloni kutafuta dagaa wa chanja, na kayabo iliyobaki jikoni leo hii naiondoa.