Tikiti maji, kuku wa kukaanga na panya: hivi mnajua nani alitunga huo "utani" mnaoucheka?

Wakuu, leo mnisamehe, salamu fupi tu. Nimechoka. Ikiwekwa mada yoyote inayomgusa Mmarekani mweusi, iwe mpira wa kikapu, iwe uchaguzi, iwe hata msiba, ukigeuka tu kuna mtu keshatupia stika ya tikiti maji. Wa pili analeta paja la kuku. Wengine wanafuata na vicheko. Na wanaocheka ni weusi tii kama mimi! Ukiuliza kinachochekesha ni nini, unajibiwa eti "si ndiyo chakula chao hao, relax mkuu".

Chakula chao kivipi? Nchi inayoongoza duniani kwa kulima na kula matikiti ni China, kwa mbali sana. Mbona hakuna anayemchora Mchina ameshika tikiti? Yeye kapachikiwa vyake, nitavifikia. Hizi kejeli hazitokani na sahani ya mtu. Zinatoka kwa jirani aliyekuwa na jambo lake: kagombea ardhi, kagombea ajira, au kaona aliyekuwa chini yake anaanza kuinuka.

Chukua hilo tikiti. Asili yake ni Afrika, na mbegu zake zimekutwa mpaka kwenye kaburi la Tutankhamun. Kule Kusini mwa Marekani lilikuwa likiliwa na wote, mweupe kwa mweusi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaisha 1865, utumwa ukafutwa, na watu wakatoka mashambani mikono mitupu wakitafuta pa kuanzia. Tikiti halidai mtaji mkubwa. Ukipata kipande cha ardhi na mbegu, umeanza. Wakalima, wakapeleka sokoni, hela ikaingia mfukoni mwao wenyewe kwa mara ya kwanza. Jioni wakakaa hadharani wakala matunda ya jasho lao bila kumwomba mtu ruhusa.

Hapo ndipo roho za watu zilipochafuka. Mtu ambaye juzi ulimhesabu pamoja na ng'ombe wako, leo anakutajia bei ya tikiti na hashuki! Mwaka 1869 tayari gazeti la Frank Leslie's la New York lilikuwa limechapisha mchoro wa vijana weusi wakifakamia matikiti. Baada yake yakaja mafuriko: kadi za posta, matangazo ya biashara, maigizo ya Wazungu waliojipaka masizi usoni. Zitazameni hizo kadi za posta kwa makini, bado zipo kwenye makumbusho. Macho yametoka, mdomo umepanuliwa mpaka masikioni, maji ya tikiti yanachuruzika kidevuni, na mara nyingi pembeni kuna uzio unaoonyesha kwamba tunda lenyewe limeibwa. Mkulima amegeuzwa mwizi! Na ujumbe ulikuwa wa kisiasa kabisa: hawa ni watoto, wavivu, kipande cha tikiti kinawatosha, kura wataifanyia nini?

Kuku naye hivyo hivyo. Kwenye mashamba mengi mtumwa hakuruhusiwa kufuga ng'ombe wala nguruwe wake, lakini kuku waliachwa, kwa sababu mabwana waliwaona si kitu. Watu wakawafuga, wakawauza, wanawake wakawa mafundi wa kuwapika. Baada ya vita, pale Gordonsville, Virginia, palipokuwa na makutano ya reli, wanawake weusi walikuwa wakipanga kuku wa kukaanga na mikate kwenye masinia, wanayatwika kichwani na kupita chini ya madirisha ya mabehewa. Abiria ananyoosha mkono, anachukua paja, anashusha sarafu. Wapo waliojenga nyumba kwa biashara hiyo. Kina mama wajasiriamali, hamna kingine cha kuwaita.

Sasa sikilizeni walivyolipwa. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa filamu yake ya The Birth of a Nation, na ndani yake kuna kipande cha bunge la South Carolina lenye wabunge weusi. Mmoja anavua kiatu na kutandaza mguu mezani, mwingine ananywa pombe kwa kificho, mwingine anatafuna kuku kikao kikiendelea. Filamu hiyo ilionyeshwa Ikulu ya Marekani kwa Rais Woodrow Wilson, na mwaka huohuo Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi lililotisha na kuua weusi, wakafufuka, wakaitumia kuandikisha wanachama. Ndiyo asili ya lile paja mnalotupia hapa.

Haya, nilisema nitamfikia Mchina. Wachina walikwenda California kuchimba dhahabu na kujenga reli. Kazi ziliposhuka, wafanyakazi weupe wakawaona wezi wa ajira, na 1882 ikapitishwa sheria ya kuwazuia wasiingie nchini. Mnadhani kampeni ilipiganwa kwa takwimu za mishahara? Ilipiganwa kwa chakula. Kampuni moja ya sumu ya panya ilitangaza bidhaa yake kwa picha ya Mchina anayejitumbukizia panya mdomoni. Mwaka 1902 shirikisho la vyama vya wafanyakazi, American Federation of Labor, likachapisha kijitabu kilichopambanisha nyama na wali: Mmarekani anayekula nyama hawezi kushindana na mtu anayeridhika na wali, kwa hiyo mla wali afungiwe mlango. Wali, jamani! Chakula cha nusu ya dunia kikawa ushahidi kwamba fulani si binadamu kamili.

Na haikuishia karne hiyo. Mwaka 1968 daktari mmoja aliandikia jarida la tiba la New England barua fupi, akieleza kwamba akila kwenye mikahawa ya Kichina Marekani anapata ganzi shingoni na mapigo ya moyo kwenda mbio. Akataja mambo kadhaa yanayoweza kuwa chanzo, likiwemo chumvi tu na divai ya kupikia. Watu wakayaruka yote wakadaka moja, ile chumvi ya kuongeza ladha, MSG. Ugonjwa ukapewa jina la mikahawa ya Wachina. Kumbe glutameti, ambayo ndiyo kiini cha hiyo MSG, imo kwenye nyanya, imo kwenye jibini la Parmesan, imo hata kwenye maziwa ya mama. MSG yenyewe alianza kuitengeneza Mjapani, Kikunae Ikeda, mwaka 1908, na viwanda vya Marekani vilikuwa vikiimimina kwenye supu za makopo na vitafunwa vya chumvi. Mtu anamaliza pakiti nzima mbele ya televisheni, haumwi na kichwa. Akila kwa Mchina, kinamuuma. Majaribio yaliyofanywa baadaye bila mlaji kujua amepewa nini yameshindwa kuuona huo ugonjwa kwa uthabiti wowote, lakini nendeni leo mkute mikahawa bado imebandika tangazo mlangoni kujitetea kwamba haitumii MSG.

Wajerumani na kabichi yao ya kuchachua, napita haraka. Marekani ilipoingia vitani nao, kufikia 1918 kabichi ile ile ilishabatizwa "kabichi ya uhuru" ili iendelee kulika.

Ila Waireland na viazi siwezi kuwapita. Watu wanatania "Mwairish na kiazi" kama vile alizaliwa nacho mkononi. Alikula viazi kwa sababu ardhi nzuri ilikuwa ya makabaila, naye akaachiwa kijishamba ambacho hakuna zao lingine lingelisha familia. Ugonjwa wa viazi ulipoingia 1845, watu wapatao milioni moja walikufa katika miaka michache, huku nafaka na mifugo ikiendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Huo ndio utani wenu wa kiazi.

Najua atakuja mtu na hoja kwamba hata Wazungu wenyewe wanataniana. Kweli, Mwingereza humwita Mfaransa chura, Mfaransa naye humjibu kwa kumwita nyama ya ng'ombe ya kuoka. Lakini hao wamepigana karne na karne kila mmoja ana jeshi lake na manowari zake. Wanarushiana maneno wakiwa wamesimama sawa. Wajumbe wa jamii ya Igorot kutoka Ufilipino walirushiana na nani? Mwaka 1904 walipelekwa kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis, wakawekwa kama vivutio. Kwao mbwa alichinjwa kwenye matambiko. Pale waandaaji walitaka achinjwe mara kwa mara, kwa kuwa ndicho watazamaji walicholipia kiingilio. Watu wakarudi makwao wakisimulia kwamba Wafilipino chakula chao ni mbwa, na wajukuu wa wajukuu wanatupiwa maneno hayo mpaka leo.

Na anayesema hayo ni ya kale, akumbuke Septemba 10, 2024. Kwenye mdahalo wa urais, mbele ya mamilioni ya watazamaji, Donald Trump alisema wahamiaji wa Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka wa wenyeji. Walioshambuliwa walikuwa Wahaiti, wengi wao wakiwa pale kihalali, wakifanya kazi viwandani. Uongozi wa mji ulisema hakuna taarifa yoyote ya kuaminika. Haikusaidia. Siku zilizofuata vitisho vya mabomu vilimiminika, shule zikahamishwa watoto, ofisi za mji zikafungwa. Wazazi wa Kihaiti wakaogopa kuwapeleka watoto wao darasani.

Nimeziripoti stika zote nilizokutana nazo, na nitaendelea. Mods, mnafuta matusi ya nguoni ndani ya dakika chache, hizi mnaziacha kwa kigezo gani? Naomba jibu lenu hapahapa kwenye uzi, msinifuate inbox.