Ufukwe wa ziwa uliotulia kwa watoto wadogo: Matema, Kigoma au Mwanza?

Mama_Wawili
Habari zenu wakuu. Likizo ya Juni tunataka kuwapeleka watoto ziwani. Tunatokea Dodoma kwa gari letu, watoto wana miaka 4 na 9, na bibi yao tunaenda naye. Muziki na baa hatuvihitaji. Tunatafuta maji yaliyotulia, kivuli, na pa kulala pasipotumaliza mfuko. Nimebaki na sehemu tatu: Matema, Kigoma na Mwanza. Mliofika tusaidieni.

Mwana_Kyela
Karibu nyumbani, dada. Matema ipo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na milima ya Livingstone imesimama hapo hapo upande wa mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linachelewa kuwafikia watoto. Kutoka Mbeya mnapita Tukuyu katikati ya chai na migomba, kisha mnateremka Kyela. Ila sikufichi: kuanzia Mei hadi Agosti huwa kuna mwera. Upepo huo unatoka kusini, na ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 lote liko kusini kwetu, mawimbi yanakuja kuishia kwetu. Ogeni asubuhi, mchana mkae mchangani. Na msisogelee midomo ya mito, kuna mamba.

Bibi mpeleke mnada wa vyungu Lyulilo siku ya Jumamosi. Akina mama wa Kikisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Kabla ya kununua, kigonge kwa kucha: kilichoiva vizuri kinalia, chenye ufa kinatoa sauti butu.

Mtu_wa_Reli
Kwa maji peke yake, Kigoma haina mpinzani. Nendeni ufukwe wa Jakobsen, unapita Katonga. Ni vighuba vidogo katikati ya miamba, unalipa kiingilio. Nilisimama maji yakanifika kifuani na bado naziona kucha za miguu yangu, na visamaki vya mistari vinazunguka jiwe. Huyo wa miaka 9 mnunulie miwani ya kuogelea. Chakula kifungeni vizuri, tumbili wako karibu. Jioni kuna migebuka ya kuchoma, na Ujiji, pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, si mbali. Tatizo ni umbali. Kwa bibi, safari hiyo ni ndefu.

Nesi_Mza
Mimi ni wa Mwanza na naipenda, lakini kwa kuoga watoto siipendekezi. Mwanangu aliwahi kuchezea maji kwenye ghuba moja tulivu sana, yenye matete pembeni. Miezi michache baadaye akawa analalamika tumbo, kisha tukaona damu kwenye choo. Kipimo kikaonyesha kichocho. Alimeza praziquantel, akapona, ila yale maji yaliyotulia ndiyo yaliyonidanganya.

Dada, neno lako "yaliyotulia" liangalie upya. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda hayo hayo: maji yasiyo na mawimbi, yenye majani, karibu na watu wanapofulia na kujisaidia. Tafuta mchanga mtupu au mwamba, mbali na makazi. Vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia kama saa nne hadi saa nane mchana, hivyo kuoga mapema kunasaidia. Hakuna ziwa kati ya hayo matatu ninaloweza kuapa kwamba halina kabisa. Mkirudi, subirini wiki 6 hadi 8, mkapime wote.

Mkija Mwanza, wapelekeni kisiwa cha Saanane. Ni hifadhi ya taifa, boti inafika haraka, na watoto watafurahi bila kulowa.

Mama_Wawili
Nesi, asante sana, pole kwa mtoto. Nilikuwa natafuta ghuba lenye matete kabisa, nikidhani ndilo salama. Tumekaa na baba yao, tunaenda Matema. Bibi atalala Iringa njiani apumzike, na vyungu ameshavisikia, ananiuliza kila siku. Swali: tukitaka kwenda Ikombe na watoto, mitumbwi ina jaketi okozi?

Mwana_Kyela
Usitegemee ya kule, hasa ya saizi ya mtoto. Nunueni Mbeya mkiwa mnapita. Ondokeni alfajiri na mgeuze kabla mwera haujaanza. Mwenye mtumbwi akisema leo ziwa si zuri, msimbembeleze.