Mwenzetu wa miaka 9 kafukuzwa Ijumaa, Jumatatu tunaambiwa tusaini kubaki miaka 3

Mtunza Stoo:
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kichwa hakijatulia kabisa. Niko stoo kwenye godauni moja hapa Dar, mwaka wa tano huu. Ijumaa mzee wetu kaachishwa, ana miaka 9 pale, ndiye kanifundisha kazi yote hata kupanga mzigo unaokaribia kuekspaya uanze kutoka. Kaitwa ofisini saa tisa, saa tisa na nusu katoka na barua ya mistari minne, eti hasara ya katoni 14, hakuna kikao wala kuulizwa. Akatoa funguo mfukoni akaziweka juu ya mizani, akabeba hotpoti lake akaondoka.

Sasa Jumatatu bosi katukusanya, anasema sisi hapa ni familia, anataka watu wa kufika nao mbali, katugawia karatasi tusaini kwamba hatuondoki miaka 3, ukiondoka unalipa mishahara ya miezi 6, na vyeti orijino viachwe ofisini. Mwisho Ijumaa hii. Yangu nimeikunja iko mfukoni. Kila nikishika kadi za stoo naukuta mwandiko wa mzee, saba zake anazikata katikati, nabaki najiuliza familia ipi hiyo. Miaka mitano nimekuwa mwaminifu bila kusainishwa na mtu. Nisaini? Nina watoto wawili na kodi inaisha mwezi wa 11.

Kibarua wa Tandika:
Saini ndugu yangu. Mi nilikataa kitu kama hicho, nikakaa nyumbani miezi minane, mke ndo alitulisha kwa maandazi. Mtaani hakuna kazi.

Dada wa Utumishi:
Kaka pole sana. Nimeshika mafaili ya wafanyakazi miaka mingi, nisikilize. Vyeti orijino usiache, peleka kopi. Halafu nenda katoe mkataba wako uangalie kama una tarehe ya mwisho, kama hauna ujue hiyo karatasi inaweza kuwa inakugeuza kimyakimya kuwa mtu wa miaka 3, ikiisha unaambiwa mkataba umekwisha kwaheri, na wewe ulidhani ni yeye anakung'ang'ania. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28 na inawahusu wote wawili. Hiyo mishahara sita anadai ya nini, amekusomesha wapi?

Huyo mzee asikae akisubiri bosi apoe. Aende CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ana siku 30 tu tangu aachishwe kupeleka malalamiko yake. Kumfukuza mtu bila kumsikiliza ni kosa la utaratibu hata kama katoni kweli hazipo. Kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, kwa hiyo miaka 9 ni siku 63, ila kosa la nidhamu likithibitika kihalali hapati, ndo maana neno hasara linapendwa sana kwenye barua hizi.

Baba wa Vipuri:
Mi ni mwajiri mdogo, nina duka la vipuri. Vijana wawili niliwafundisha kazi kuanzia kufagia wakahamia duka la jirani na namba za wateja wangu, iliniuma sana, kwa hiyo woga wa bosi wako naujua. Ila wa tatu nilimlipia bima yeye na mkewe na kamisheni kidogo kwa mauzo, huu mwaka wa sita yupo na sijawahi kumsainisha chochote. Kushika vyeti vya mtu hapana aisee. Mwombe na yeye aandike hapohapo kwamba miaka 3 hakuondoi bila kikao, uone atasemaje.

Mtunza Stoo:
Asanteni wakuu. Dada, mkataba nimeutoa kwenye begi la vyeti, hauna tarehe ya mwisho, nimeusoma mara tatu. Kibarua nimekuelewa pia kaka, nimelala na hayo maneno yako. Ijumaa napeleka kopi na namwomba bosi hilo aliloshauri Baba wa Vipuri, akigoma sisaini. Mzee nimempigia, alikuwa hajui habari ya siku 30, amebakiza 25. Kesho asubuhi naenda naye CMA, nimeshaomba ruhusa ya nusu siku.