Nimesaini mahudhurio, wao wameandika "wadau wameridhia"!

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira mpaka kope inacheza.

Ile taasisi yetu pendwa (mnaijua, msinitafutie kesi) imetuita Dodoma kutoa maoni, inataka sheria ibadilishwe. Mwaliko umeingia WhatsApp usiku wa manane. Rasimu? "Mtaikuta ukumbini." Ukumbini ni projekta, herufi saizi ya chawa, Kiingereza cha mahakamani.

Mlangoni dada kanipa karatasi: jina, simu, saini. Nikasaini, nikapewa maji, kachupa kadogo. Kunyoosha mkono niulize kifungu cha faini: "Muda umetubana, tuandikieni."

Leo narushiwa taarifa yao kwa Kamati ya Bunge: "Wadau walishirikishwa na WAMERIDHIA." Kiambatisho? Mahudhurio! Saini yangu ya mlangoni! Ya kupokelea maji!

Nimeridhia nini, chupa?

Na muswada wenyewe ni ule wa marekebisho ya sheria mbalimbali, sheria kibao zimebanwa humo kama daladala ya Mbagala. Nani kaomba kile kifungu cha faini, haijaandikwa popote. Fungua "Madhumuni na Sababu": eti "kuboresha utekelezaji". Ibara ya 21(2) ya Katiba inasema nishiriki kikamilifu. Nimeshiriki. Kwa saini ya mlangoni!

Mzee wa Kibaigwa: Posho umekula shilingi ngapi? Funguka.

Mtoa mada: Posho gani, mkuu? MAJI!

BintiTanga: Afadhali wewe ulikunywa. Sheria za madini 2017 zilipita kwa hati ya dharura (muswada unakimbizwa bungeni fasta), hata kuzisoma hatukuwahi.

MstaafuMtarajiwa: Nyie mna sheria, sisi tuna kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu. 2018 kanuni zikatoka, Desemba hiyohiyo Magufuli akasitisha, 2022 kikarudi na 33% ya mkupuo, 2024 ndipo wakaipandisha. Mimi hata mlangoni sikufika.

Mtoa mada: Tusitoke nje ya mada. Wameandika NIMERIDHIA.

JiraniNamanga: Huku Kenya maoni ya Mswada wa Fedha 2024 tulitoa, wabunge wakapitisha tu. Mpaka vijana walipoingia barabarani ndipo Rais akakataa kusaini.

Mzee wa Kibaigwa: Mkenya kashaingia, uzi umekwisha.

BintiTanga: @MstaafuMtarajiwa, hiyo asilimia wanapigia mshahara wa mwisho au wastani?

MstaafuMtarajiwa: Wastani wa miaka mitatu bora. Una ndugu anastaafu?

BintiTanga: Baba, mwalimu.

MstaafuMtarajiwa: Pole. Njoo PM.