Kumbukizi ya James Floyd: niandike nini zaidi ya Arrow?

Hanga_ya_Zamani
Wakuu, habari za leo. Naandaa makala ya kumkumbuka James Floyd, yule mhandisi wa ndege Mwingereza aliyehamia Kanada mwaka 1946 na akaishi zaidi ya miaka 100. Karibu kila ninachokisoma kinamfunga kwenye Avro Arrow tu, ile ndege ya kivita ya jeti ya Kanada: iliruka, ikafutwa, ikakatwakatwa, basi. Nina nafasi ya maneno 1,500. Naomba msaada kwa mambo matatu. Kazi ipi hasa ni ya mkono wake? Makosa gani ya tarehe na majina nijihadhari nayo? Na uhandisi wenyewe nitauelezaje kwa msomaji ambaye hajawahi kushika spana, bila kumpotosha?

Bawa_la_Nyuma
Anza na Jetliner, ndege yake ya abiria ya jeti, ndugu yangu. Kwenye Arrow, Floyd alikuwa kiongozi wa jeshi zima la wahandisi. Avro C102 Jetliner ndiyo ndege iliyotoka kichwani mwake tangu karatasi ikiwa tupu, na ndiyo iliyompatia Nishani ya Wright Brothers ya mwaka 1950, akiwa wa kwanza kuipata asiye Mmarekani.

Pa kutulia ni mwaka 1947, suala la injini. Michoro ya mwanzo ilikuwa na injini mbili za Rolls-Royce AJ65, ile iliyokuja kuitwa Avon. Herufi na tarakimu hizo zina maana: kompresa yake, yaani sehemu inayobana hewa, inapitisha hewa moja kwa moja kutoka mbele kwenda nyuma, na msukumo uliolengwa ni paundi 6,500. Kisha ikaonekana injini hiyo haitapatikana kwa wakati kwa ndege za kiraia. Floyd tayari alikuwa na ndege iliyokwisha kupigiwa hesabu, na injini haipo. Akachukua Derwent nne, karibu paundi 3,600 kila moja, akazipanga mbilimbili chini ya kila bawa.

Mpigie msomaji hesabu hiyo waziwazi. Mbili za kwanza zingetoa paundi 13,000. Nne hizi zinatoa 14,400. Ukiishia hapo utadhani alipata nafuu. Lakini kompresa ya Derwent hutupa hewa pembeni, kwa hiyo injini ni pana, na kila paundi ya msukumo inakula mafuta zaidi. Uzito ukapanda, mafuta ya kubeba yakapanda, umbali wa safari ukapungua. Alichopata ni usalama: injini moja ikizimika, unapoteza robo ya msukumo badala ya nusu, na pua ya ndege haivutwi upande mmoja kwa nguvu ileile. Huo ndio uhandisi wa kweli, kuchagua hasara unayoweza kuishi nayo.

Iliruka mara ya kwanza 10 Agosti 1949. Safari ya pili, 16 Agosti, magurudumu makuu yakagoma kutoka, na rubani wa majaribio Jimmy Orrell akaitua kwa tumbo pale Malton, karibu na Toronto. Uharibifu ulikuwa mdogo, na Septemba ilikuwa angani tena. Usiliruke tukio hili. Tarehe 18 Aprili 1950 ndege hiyohiyo, yenye usajili CF-EJD-X, ilitoka Toronto hadi New York kwa muda usiofika saa moja, ikiwa na barua.

Tarehe_Sahihi
Naunga mkono, ila kuwa mwangalifu na neno "ya kwanza". Jetliner haikuwa ndege ya kwanza ya jeti ya abiria duniani. De Havilland Comet iliruka 27 Julai 1949, yaani siku 14 kabla. Vitabu vingi vinasema siku 13, nazo ni siku za katikati tu, bila siku zote mbili za kuruka. Andika tarehe zote mbili, msomaji ahesabu mwenyewe. Kwa Amerika Kaskazini ndiyo ilikuwa ya kwanza, na kwa mbali: ndege ya mfano iliyozaa Boeing 707 iliruka 15 Julai 1954.

Kosa linalorudiwa mno ni kwamba Floyd alikwenda NASA baada ya Arrow kufutwa. Hakwenda. Aliyeongoza kundi lililokwenda huko ni Jim Chamberlin, na yeye ni Mkanada. Floyd alirudi Uingereza, Hawker Siddeley, akafanya tafiti za ndege za abiria zinazopita kasi ya sauti, kisha akawa mshauri kwenye mradi wa Concorde. Baadaye sana alirejea kuishi Kanada. Makala inayoishia 1959 inamnyima mtu huyu zaidi ya nusu ya maisha yake.

CF-100, ndege nyingine ya kivita ya Avro ya Kanada, nayo usimpe yeye kama mbunifu. Muundo wake ulisukwa na John Frost, Mwingereza mwingine aliyehamia Kanada.

Tarehe za Arrow: kutolewa hangani 4 Oktoba 1957, siku ileile Wasovieti waliporusha satelaiti ya Sputnik, kuruka 25 Machi 1958, kufutwa 20 Februari 1959. Zilizoruka ni tano, RL-201 hadi RL-205, zote na injini za Pratt & Whitney J75. Injini ya Kikanada ya Iroquois ilikusudiwa kuanza na RL-206, ambayo haikuwahi kuruka. Na Jetliner haikukatwa pamoja na Arrow kama wengine wanavyoandika. Yenyewe ilivunjwa 1956. Pua yake imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya anga la Ottawa, na humohumo imo pua ya RL-206. Picha za pua hizo mbili zitakusaidia kuliko aya tatu za masikitiko.

Spana_na_Nati
Swali lako la tatu nalijibu kwa kifaa kimoja: mguu wa gurudumu kuu la Arrow. Nakubaliana na wenzangu kuhusu Jetliner, lakini mguu huu usiuache.

Bawa la Arrow lilikuwa jembamba sana, unene wake chini ya asilimia 4 ya upana wake kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Mguu ulipaswa kulala ndani ya bawa hilo. Wakati huohuo ulipaswa kuwa mrefu, kwa sababu bawa la pembetatu hutua likiwa limeinua pua juu sana, na mguu mfupi ungeacha mkia ukwaruze lami. Suluhisho lilikuwa mguu unaojifupisha na kujisokota unapokunjwa, kisha unaporudi chini unarefuka na kujinyoosha tena. Mwisho wake una magurudumu mawili, moja mbele ya jingine. Fikiria mwavuli wa kukunja ambao lazima ubebe tani nyingi za ndege mara tu unapofunguka.

Sasa ona inavyoharibika. Tarehe 11 Juni 1958, mguu wa kushoto wa RL-201 haukumaliza kurefuka na kujinyoosha. Magurudumu yakagusa lami yakiwa yameelekea pembeni, ndege ikavutwa nje ya njia.

Ajali ya RL-202, 11 Novemba 1958, ilikuwa ya namna nyingine kabisa, na watu huzichanganya. Pale miguu ilitoka vizuri. Tatizo ni kwamba baada ya kugusa chini, vibawa vya ukingo wa nyuma vilishuka hadi mwisho. Bawa likaanza kuinua ndege upya, uzito ukaondoka kwenye magurudumu. Gurudumu lisilo na uzito likishikwa breki halizunguki, linaburuzwa, na tairi inapasuka. Mwanzoni alilaumiwa rubani kwa kukanyaga breki. Kilichomtoa lawamani ni picha iliyopigwa wakati wa kutua, ikionyesha vibawa vimeshuka.

Vibawa hivyo viliendeshwa na haidroliki ya paundi 4,000 kwa inchi ya mraba, wakati ndege nyingi za siku hizo zilitumia 3,000. Shinikizo likiwa kubwa, mtambo unakuwa mdogo kwa nguvu ileile, nao ukatosha ndani ya bawa jembamba. Lakini kila kiungo cha bomba kinadai usahihi zaidi, maana panapovuja panavuja kwa nguvu.

Hanga_ya_Zamani
Nashukuru sana wakuu. Na miaka ya Manchester kabla ya 1946? Hapo nina aya moja tu.

Tarehe_Sahihi
Aliingia A. V. Roe, kampuni ya Kiingereza ya ndege za Avro, kama mwanagenzi akiwa kijana mdogo, akakulia chini ya Roy Chadwick, mbunifu wa ndege ya mabomu ya Lancaster. Chadwick mwenyewe alifariki 23 Agosti 1947, Floyd akiwa tayari Kanada, ndege aina ya Tudor ilipoanguka Woodford, Uingereza. Kebo za vibawa vya kulalia upande zilikuwa zimeunganishwa kinyume: rubani akigeuza usukani kulia, ndege inalala kushoto. Sentensi hiyo moja inatosha, usiipambe.

Kwa nyaraka: sensa ya Uingereza ya 1921 inataja jina la mwajiri, lakini Floyd alizaliwa 1914, hivyo itakupa kazi ya wazazi tu. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na 1941 haikufanyika kwa ajili ya vita. Inabaki rejista ya 29 Septemba 1939, inayoandika kazi ya kila mtu. Ukiona pale mtu ameandikwa "mchoraji wa ndege", mwache hivyohivyo. Usimpandishe cheo kuwa mbunifu kabla hajawa.