Yule mzee wa h-indeksi leo kanianika kwenye projekta, mods msifute huu uzi

MkemiaMbichi:
Wakuu nimetoka kikaoni sasa hivi hata koti la maabara sijavua, mikono inatetemeka. Simtaji mtu, mnamjua wote, yule ambaye akikusalimia inatangulia h-indeksi yake, ile namba ya kupima makala za mtu zinanukuliwa kiasi gani, ndio jina lifuate. Leo nawasilisha molekuli zangu za kutuliza degedege, nimezipika mwenyewe kuanzia mwanzo, macho yameniisha kwa kuchungulia pleti za TLC, zile za kutenganisha kemikali, kwenye taa ya UV, niko slaidi ya pili tu mzee kanyanyuka, kachomoa waya kwenye laptop yangu kachomeka kwenye yake, kafungua Google Scholar kaandika jina langu. Mbele ya wanafunzi ninaowasahihishia mitihani! Saitesheni 4, yaani makala zangu zimenukuliwa mara nne tu. Halafu akaizumu. Jamani AKAIZUMU, ile nne ikajaa ukuta mzima mpaka mjusi aliyekuwa pale akahama. Kisha kwa sauti ya mahubiri: "na tatu kati ya hizi kajinukuu mwenyewe."

Nauliza, huyu anamjua Leo Sternbach? Mkemia wa Roche kule New Jersey, Librium yake ya kutuliza wasiwasi imeingia sokoni 1960, Valium 1963, yaani diazepam hii hii, mtoto akiletwa na degedege saa nane usiku nesi anaikimbilia na sijawahi kusikia nesi akauliza aliyeitengeneza ana h-indeksi ngapi. Tena hiyo h-indeksi yenyewe kaileta Hirsch, mwanafizikia, mwaka 2005, mwaka huo huo Sternbach anafariki! Kaishi maisha yake yote salama bila kuzumiwa.

Sisi wa kupika molekuli tunaonewa sana. Unasota kwenye kabati la kunyonya moshi, ukimaliza anakuja wa famakolojia anawapa panya, anaandika makala ya mapitio, dunia nzima inamnukuu yeye. Ni mpishi wa pilau la harusi, picha zote za bibi harusi.

Ila WAYA wakuu. Kachomoa waya wangu. Halafu akazumu.

BabuKizibo:
Nimevuta kiti. Mkuu tujibu kwanza, hizo tatu ni zako kweli?

MkemiaMbichi:
Hilo sio swali la uzi huu.

BabuKizibo:
Hahahaa basi ni zako.

DadaDozi:
Pole kaka angu. Ila Sternbach muache apumzike, yule ana hataza zaidi ya 200, wewe una mjusi.

Mchokonozi:
Saitesheni zenyewe usanii tu. Makala ya Lowry ya 1951 imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, ukiifungua ni njia ya kupima protini, basi. Haijamponya mtu hata mafua. Janssen kule Ubelgiji katoa haloperidol 1958, mpaka leo wodi za akili zinaitegemea, na wanaoiandika kila siku kwenye cheti hata jina lake hawalijui.

PhD_Milele:
Afadhali wewe umezumiwa, jina lako lilikuwepo la kuzumu. Bosi wangu mimi, makala nimeandika yote, kajiweka wa kwanza, wa pili mdogo wake, mimi wa tano baada ya mtu ambaye nadhani ni fundi wa jenereta.

DadaDozi:
Fundi wa jenereta anastahili, umeme ukikatika friji ya sampuli nani anaiokoa? 😂

NyotaYaKusini:
Nyie mnaongelea majina, mie jarida limenikubalia makala kwa shangwe halafu likaleta ankara ya dola, nikiibadili kwa shilingi ni pikipiki mpya na mafuta. Nimeitoa makala. Na yule mhakiki wa pili alinitaka ninukuu makala sita, zote za mtu mmoja, sasa sijui ni nani 🤔

PhD_Milele:
Mhakiki wa pili ni yule yule duniani kote, hafi.

MkemiaMbichi:
Wakuu turudi kwenye mada, mtu kachomoa waya

NyotaYaKusini:
Tumekusikia mkuu. Huyo mhakiki eti Kiingereza changu "kirekebishwe na mzawa", kumbe maoni yake yenyewe yamejaa makosa.

BabuKizibo:
Wakuu samahani kuingilia, kuna mwenye kolamu ya HPLC, ile mashine ya kutenganisha kemikali, iliyotumika anauza? Ya kwetu imeziba, mtu kapitisha dondoo la mwarobaini bila kuchuja.

DadaDozi:
Njoo PM.