Kampuni ikiunguza mji, faini inatosha au mtu aende jela?

MLETA MADA
Wakuu, nianzie mahakamani Chico, California, Juni 2020. Jaji anasoma majina ya marehemu 84, moja baada ya jingine, na kila jina likiisha Bill Johnson, mkurugenzi mkuu wa kampuni ya umeme ya PG&E, anajibu kwamba kampuni ina hatia. Mara 84. Hao walikuwa watu wa mji wa Paradise na vitongoji vya jirani, walioangamia kwa moto ulioanza Novemba 8, 2018. Kulabu ya chuma kwenye mnara wa umeme, iliyokaa pale karibu miaka 100, ililika mpaka ikakatika, waya ukatoa cheche, na majani yalikuwa makavu.

Kosa: kuua bila kukusudia. Adhabu: faini ya dola milioni 3.5 hivi. Hakuna aliyelala jela hata usiku mmoja.

Najua mtaniambia kuhusu fidia. Ni kweli, waathirika wa mioto ya kampuni hiyo walitengewa dola bilioni 13.5, ila nusu yake ilikuwa hisa za kampuni ileile! Yaani mfiwa anaamka asubuhi kuiombea heri kampuni iliyomchomea nyumba. Hapo ndipo nilipochoka.

Kampuni haina mikono ya kutiwa pingu. Wenye jukumu la kuikagua ile minara wanayo. Karibuni tubishane, matusi tuyaache nje.

KISHOKA
Mkuu, huyo Johnson aliingia kazini 2019, moto ushapita. Ungemfunga yeye? Au mfupa wa aliyeisimamisha ile minara?

Halafu jela ilishajaribiwa. Boston, Novemba 28, 1942, klabu ya Cocoanut Grove iliungua wakafa watu 492. Milango mingine ilikuwa imefungwa, na ule wa mbele wa kuzunguka ukakwama kwa miili. Mwenye klabu, Barney Welansky, alifungwa. Mwaka 1946, akiwa mgonjwa wa saratani, alisamehewa na gavana Maurice Tobin. Huyo Tobin ndiye aliyekuwa meya wa Boston siku ya moto. Kilichobaki mpaka leo si kifungo cha Welansky, ni kanuni: mlango wa kuzunguka lazima uwe na mlango wa kawaida pembeni.

MUUZA MITUNGI
Namuunga mkono Kishoka, na mimi naongea kama mtu anayekula kwa gesi. Ile harufu mbaya unayoisikia mtungi ukivuja si ya gesi. Gesi yenyewe haina harufu. Huongezwa makusudi.

Texas walijifunza kwa msiba. New London, Machi 18, 1937, shule katika eneo lililotajirika kwa mafuta ilikatisha mkataba wa gesi ili kuokoa kama dola 300 kwa mwezi, ikajiunga na bomba la gesi ya mabaki ya kisimani. Ikavuja chini ya sakafu, ikajaa, na hakuna pua iliyohisi kitu. Mwalimu wa ufundi akawasha mashine ya kupigia msasa. Walikufa karibu 300, wengi watoto. Mkuu wa shule naye alimpoteza mwanawe mle ndani. Sasa huyo umpe adhabu gani zaidi? Hakufungwa mtu. Lakini mwaka uleule Texas ikapitisha sheria ya kutia harufu, na leo hata mimi nikishusha mizigo dukani naitegemea pua.

MPITA NJIA
Dola 300, na mafuta yako chini ya miguu yao. Dah.

MLETA MADA
Ndugu yangu wa mitungi, umenibana kweli. Ila turudi Texas hiyohiyo. Aprili 16, 1947, meli ya Grandcamp iliwaka moto bandarini Texas City ikiwa na mbolea ya amoniamu naitreti. Nahodha akaamuru wapulize mvuke badala ya maji, shehena isiharibike. Ikalipuka. Walikufa watu wasiopungua 581, karibu kikosi kizima cha zimamoto cha kujitolea kikiwemo. Waathirika wakaishtaki serikali, na mwaka 1953 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua haiwajibiki kisheria.

Aprili 17, 2013, mji wa West, hukohuko Texas: ghala la mbolea ileile, ndani ya vihenge vya mbao, jirani na shule na nyumba ya wazee, likawaka moto na kulipuka. Walikufa 15, na 12 kati yao walikuwa wamekimbilia kuokoa. Mara ya mwisho wakaguzi wa usalama kazini kufika pale ilikuwa 1985. Walitoza faini ya dola 30. Miaka 66 na siku moja, kanuni zenu zilikuwa wapi?

KISHOKA
Umeficha kitu, mkuu. Mwaka 2016 wachunguzi wa serikali walisema moto wa West uliwashwa makusudi. Unamfunga mwenye ghala kwa kiberiti cha mtu mwingine?

MLETA MADA
Walisema, na kuna waliopinga. Aliyewasha, kama yupo, hajafikishwa mahakamani. Mwenye ghala anajulikana. Bima yake ya kuwalipa wengine ilikuwa dola milioni 1, na hasara ilikadiriwa kuzidi milioni 100. Hizo 99 umtoze nani?